Sikio la Bibi Kizee: Shing'weng'we wa Usukuma na Gojira wa Japani

Utangulizi

Jamii nyingi duniani zina hadithi ya dubwana. Dubwana huyo huwa mkubwa kupita kiasi, hutokea mahali pasipofikika, humeza au kukanyaga kila kilicho mbele yake, na silaha za kawaida hazimdhuru. Wako wanaodhani kwamba hadithi za namna hii zilitungwa ili kuwatisha watoto wapate kulala mapema. Sisi tunaona vingine. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba dubwana ni chombo ambamo jamii huhifadhi historia yake, hasa ile historia inayouma kiasi cha kushindikana kusemwa waziwazi.

Tutafanya hivyo kwa kuwaweka pamoja madubwana wawili waliozaliwa mbalimbali kabisa. Wa kwanza ni Shing'weng'we, anayesimuliwa na Wasukuma wa Bariadi na sehemu nyingine za Mkoa wa Simiyu. Wa pili ni Gojira, aliyezaliwa katika filamu ya Kijapani mwaka 1954, na ambaye ulimwengu umemzoea zaidi kwa jina la Godzilla.

Huenda msomaji akauliza: Ntuzu na Tokyo vinakutana wapi? Jibu letu ni kwamba vinakutana katika swali moja, nalo ni hili: baada ya dubwana kushindwa, nani anawatazama waliojeruhiwa? Hadithi ya Wasukuma inalijibu swali hilo kwa uwazi. Filamu ya Wajapani nayo ililiuliza kwa uchungu, lakini ilipovuka bahari swali lenyewe likakatwa. Tutaona pia kwamba nasi hapa nyumbani tumo katika hatari ya kulikata.

Nchi ya Shing'weng'we

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Una wilaya tano, yaani Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na makao makuu yake yako Bariadi. Jina lake limetokana na mto Simiyu, ambao humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Kwa upande wa mashariki nchi hii inapakana na nyika za Serengeti. Wenyeji wengi ni Wasukuma, wakulima wa pamba na mahindi na wafugaji wa ng'ombe. Na sehemu kubwa ya Bariadi ni nchi ya kale ya Ntuzu, mojawapo ya nchi nyingi za Usukuma zilizokuwa chini ya watemi.

Katika maisha ya zamani, elimu ya kijana wa Kisukuma ilipatikana kwa sehemu kubwa jioni. Wanaume na vijana walikaa kuuzunguka moto wa uwanjani, uitwao shikome, na hapo wazee walisema habari za ukoo, mifugo, mipaka na vita. Watoto wadogo walipata sehemu yao ndani ya nyumba, kwa mama zao na bibi zao. Huko ndiko hadithi ya Shing'weng'we ilikokaa.

Yafaa ieleweke kwamba wasikilizaji wa hadithi hiyo hawakuwa wageni wa maangamizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe wengi mno katika Afrika ya Mashariki. Mahali palipokosa mifugo na watu, pori lilirudi, na pamoja na pori wakarudi mbung'o. Katika miaka ya 1920 na 1930 watu wa Shinyanga walitoka kwa maelfu kufyeka mapori ili kuwarudisha nyuma wadudu hao. Hatudai kwamba hadithi ilizaliwa katika miaka hiyo, kwa maana kila dalili inaonyesha kuwa ni ya kale zaidi. Tunalosema ni kwamba mtoto wa Kisukuma aliyeambiwa kuwa dubwana amemeza watu na mifugo, vijiji vikabaki kimya, hakuwa na haja ya kuelezwa ukimya huo unafananaje. Bibi yake alikuwa amewahi kuuona.

Hadithi yenyewe

Kwa muhtasari, hadithi husimuliwa hivi. Hapo kale Shing'weng'we aliwameza watu wote wa dunia pamoja na mifugo yao. Alisalia mwanamke mmoja tu, mja mzito, aliyejificha ndani ya lundo la makapi. Mwanamke huyo akajifungua mtoto wa kiume, akaitwa Masala Kulangwa, jina lenye maana ya mtu mwenye akili, mwepesi wa kuelewa.

Mtoto alipopata fahamu alimwuliza mama yake: mbona tuko wawili tu? Wenzetu wako wapi? Mama hakumficha. Alimwambia kwamba wote wamemezwa na Shing'weng'we. Tangu siku hiyo kijana akaanza kumtafuta dubwana.

Siku moja aliua panzi. Akarudi nyumbani akiimba kwa shangwe kwamba amemuua Shing'weng'we, mama na apige vigelegele. Mama akamjibu kwa upole kwamba huyo ni panzi tu, wamchome wamle. Siku nyingine akaua ndege, kisha paa, kisha mnyama mkubwa zaidi, na kila mara aliimba wimbo ule ule, na kila mara mama alimjibu vile vile. Hatimaye alimkuta Shing'weng'we mwenyewe, akapigana naye, akamuua. Alipompasua, wakatoka watu wote, baba yake akiwa miongoni mwao, na mifugo ikatoka pia.

Hapa wasimulizi wengi wenye haraka huruka hadi mwisho, ambapo Masala Kulangwa anawekwa katika kiti cha utemi na mama yake anapewa heshima ya mama wa mtemi. Lakini hadithi kamili ina jambo moja kabla ya kiti hicho. Wakati Masala Kulangwa alipokuwa akipasua, kisu chake kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Bibi huyo alitoka akiwa amekasirika. Hakushukuru. Alimtukana mwokozi wake, tena akajaribu kumdhuru kwa uchawi. Masala Kulangwa, akisaidiwa na rafiki zake, alisalimika. Wala hakulipiza kisasi. Alitafuta dawa, akamtibu yule bibi sikio lake, likapona. Ndipo watu wakamtawaza.

Uchambuzi wa hadithi

Tunaona mambo mawili makubwa katika hadithi hii. La kwanza linamhusu mama. Yeye peke yake ndiye aliyeiona dunia kabla haijamezwa, kwa hiyo yeye ndiye mlinzi wa historia. Kijana ana nguvu na hamasa, bali hana kipimo. Anaua panzi akadhani amekomboa ulimwengu. Kipimo kiko kwa mama, naye hamdanganyi mwanawe kwa kumsifu bure, wala hamvunji moyo. Humwambia ukweli, kisha wakala pamoja alichokileta. Taifa lolote changa lingefaa kuwa na mama wa namna hiyo, maana vigelegele vya panzi husikika mara nyingi kuliko vya Shing'weng'we.

La pili linamhusu bibi kizee. Kwa nini hadithi inamleta mtu huyu asiyependeza, wakati shangwe imekwisha kuanza? Tungeweza kusema ni kichekesho tu. Lakini tukitazama vizuri, tunaona kwamba hadithi inamweka Masala Kulangwa katika jaribio lililo gumu kuliko dubwana. Kumuua adui mkubwa kunahitaji ushujaa. Kumtibu mtu dhaifu uliyemjeruhi bila kukusudia, naye anakutukana na kukutakia mabaya, kunahitaji jambo jingine. Masala hakusema kwamba sikio moja si kitu likilinganishwa na dunia nzima iliyookolewa. Kwa mafundisho ya hadithi, anayestahili utemi ni yule aliyelipa hata deni la sikio moja.

Hadithi ya dubwana mmezaji imeenea sana miongoni mwa Wabantu, na kuilinganisha hutusaidia kuona kilicho cha Wasukuma hasa. Katika masimulizi ya Wasotho wa kusini, shujaa huwatoa watu tumboni mwa dubwana, lakini mwishowe huchukiwa na hao hao aliowaokoa, akauawa. Mwandishi S. M. Mofokeng alilitumia simulizi hilo katika tamthilia yake Senkatana, iliyotolewa mwaka 1952. Yaani hapo jeraha la ukombozi halikupata dawa.

Hapa kwetu pwani tunaye Nunda mla watu, aliyemo katika kitabu cha hadithi za Kiswahili alichokichapisha mmisionari Edward Steere mwaka 1870 baada ya kukusanya masimulizi Unguja. Humo paka wa Sultani Majnuni anakula ndama, kisha mbuzi, kisha wanyama wakubwa zaidi, kisha watu. Na kila watu wanapolalamika, Sultani hujibu kwamba paka ni wake na vinavyoliwa ni vyake. Anakiri kuwa huyo si paka bali ni nunda pale tu anapokula wanawe mwenyewe. Kijana wake mdogo ndiye anayeondoka kumtafuta, akaua mnyama baada ya mnyama na kumwimbia mama yake, na mama akamjibu kwamba siye huyo. Msomaji anaona wazi kwamba ngazi hii ya kupanda kutoka mnyama mdogo hadi mkubwa ni ile ile ya Masala Kulangwa. Kutoka Unguja hadi Ntuzu ni safari ndefu, lakini mama wa huko na mama wa huku wanajibu kwa sauti moja. Hadithi ya pwani inaongeza somo lake: dubwana hukuzwa na mwenye mamlaka anayekataa kumtaja kwa jina lake.

Dubwana wa mwaka 1954

Sasa tuvuke bahari. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, kwenye visiwa vya Marshall katika Bahari ya Pasifiki. Wenyeji wa Bikini walikuwa wamehamishwa tangu mwaka 1946 ili majaribio yafanyike. Bomu hilo la 1954 lilikuwa na nguvu ya tani milioni 15 za baruti ya TNT, yaani karibu mara elfu moja ya lile lililoangamiza Hiroshima mwaka 1945.

Nje ya eneo lililotangazwa kuwa la hatari ilikuwako meli ya wavuvi wa jodari kutoka Japani, iitwayo Daigo Fukuryu Maru, na ndani yake wavuvi 23. Waliona mwanga mkubwa upande wa magharibi, kisha majivu meupe yakawaangukia kama mvua. Majivu hayo yalikuwa na mionzi. Wote waliugua. Tarehe 23 Septemba mwaka huo mshika redio wa meli hiyo, Aikichi Kuboyama, alifariki dunia. Katika Japani nzima watu waliogopa kula samaki.

Ndipo kampuni ya filamu ya Toho ilipotengeneza Gojira. Mtayarishaji wake alikuwa Tomoyuki Tanaka, na mwongozaji alikuwa Ishiro Honda, mtu aliyekuwa askari vitani na aliyepita katika magofu ya Hiroshima alipokuwa akirudi nyumbani. Mtaalamu wa picha za ajabu alikuwa Eiji Tsuburaya. Yeye alijenga mji mdogo wa mfano wa Tokyo, akamvalisha mtu vazi zito la dubwana ili aupite na kuukanyaga. Mmoja wa waliolivaa vazi hilo, Haruo Nakajima, aliendelea na kazi hiyo kwa miaka mingi baadaye. Jina Gojira lenyewe liliundwa kwa kuunganisha maneno mawili ya Kijapani, moja la sokwe mkubwa na moja la nyangumi.

Filamu ilianza kuonyeshwa tarehe 3 Novemba 1954, wiki sita tu baada ya kifo cha Kuboyama. Inaanza na meli inayopigwa na mwanga wa ghafla baharini. Mtazamaji wa Kijapani hakuhitaji kuelezwa ni meli gani iliyokusudiwa. Baadaye, katika kisiwa kidogo kiitwacho Odo, mzee mvuvi anasema kwamba Gojira ni jina la kale la dubwana wa baharini, na kwamba zamani samaki walipokosekana wasichana walitolewa kafara kwake. Katika kisiwa hicho ngoma ya kumfukuza bado inachezwa, lakini vijana wanamcheka mzee. Hapa mtu wa shikome atatambua mara moja jambo analolijua: mzee mwenye kumbukumbu, na vijana wasiosikiliza hadi hatari inapofika mlangoni.

Majaribio ya mabomu ndiyo yaliyomwamsha dubwana huyo. Anaingia Tokyo usiku na kuuteketeza mji. Lakini filamu haiishii kwenye moto. Inatupeleka hospitalini, ambako majeruhi wamelazwa sakafuni, na ambako mtoto anapimwa mionzi huku daktari akitikisa kichwa. Mwanasayansi Serizawa, ambaye mwenyewe ana jeraha la vita usoni, amegundua silaha inayoweza kumuua Gojira, lakini anaogopa kuitumia kwa kuwa wenye mamlaka wataitaka kwa ajili ya vita. Anapokubali, anachoma kwanza karatasi zake zote, kisha anazama baharini na silaha yake, anamuua dubwana na kufa pamoja naye ili siri isiishi. Mzee Yamane, mtaalamu wa viumbe vya kale, anafunga filamu kwa onyo: majaribio yakiendelea, Gojira mwingine anaweza kutokea.

Jinsi filamu ilivyopokewa

Nchini Japani filamu hiyo iliuza tikiti zipatazo milioni 9 na nusu. Hata hivyo baadhi ya wahakiki wa wakati huo waliilaumu kwamba inafanya biashara kwa msiba wa taifa. Lawama hiyo tunaielewa, kwa maana ni kweli kwamba kilio kinaweza kuuzwa. Lakini wananchi waliojaa katika majumba ya sinema walikuwa wameona miji yao ikiungua miaka 9 tu kabla. Chini ya utawala wa majeshi ya Marekani, uliokoma mwaka 1952, habari za Hiroshima na Nagasaki zilidhibitiwa mno. Dubwana aliwapa nafasi ya kutazama hadharani jambo ambalo walikuwa wamelibeba kimyakimya.

Mwaka 1956 filamu ilifika Marekani ikiwa imebadilishwa. Iliongezewa mwigizaji wa Kimarekani, Raymond Burr, aliyeigiza mwandishi wa habari anayeshuhudia mambo yote, na sehemu nyingi za asili zikatolewa. Miongoni mwa zilizotolewa ni mazungumzo ya abiria ndani ya treni, ambamo mwanamke mmoja anakumbusha kwamba alinusurika Nagasaki, na wanataja jodari wenye mionzi. Dubwana alibaki, moto ulibaki, lakini sababu ya moto ikafifishwa. Kwa sehemu kubwa ya dunia huyo ndiye Godzilla aliyejulikana. Filamu kamili ya Kijapani ilipata kuonyeshwa katika majumba ya sinema ya Marekani mwaka 2004, miaka 50 baada ya kutengenezwa.

Hata Toho wenyewe hawakumwacha dubwana wao alivyokuwa. Filamu zilifuatana, na katika miaka ya 1960 Gojira akaanza kupigana na madubwana wengine upande wa binadamu, akawa kipenzi cha watoto. Filamu za karibuni zimejaribu kumrudisha katika historia yake. Mojawapo, Godzilla Minus One ya mwaka 2023, iliyozungumzia Japani ya baada ya vita, ilipata tuzo ya Oscar ya picha za ajabu mwaka 2024.

Tukirudi katika lugha ya hadithi yetu, tunasema hivi: katika toleo la 1956 bibi kizee alifutwa. Shujaa alibaki, dubwana alibaki, ila yule aliyetoka na jeraha, mwenye hasira, anayeuliza nani atamtibu, hakuonekana tena. Tena jambo hili si la Wajapani na Wamarekani peke yao. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mpango wa bomu la kwanza ilichimbwa Shinkolobwe, huko Katanga katika Kongo, nchi ambayo wachimbaji wake walisema Kiswahili na ambayo wakati huo ilitawaliwa na Wabelgiji. Paka wa Sultani alilishwa kutoka zizi letu, wala wenye zizi hawakuulizwa.

Sinema na ngoma katika nchi yetu

Historia ya sinema nchini nayo inafundisha kwamba anayeonyesha picha huchagua pia nini kisionekane. Kati ya mwaka 1935 na 1937 serikali za kikoloni za Afrika ya Mashariki zilishiriki katika jaribio la filamu za elimu, lililokuwa na makao yake Vugiri, Tanganyika. Filamu kama 35 zilitengenezwa na kupelekwa kwa gari hadi vijijini, zikihusu kilimo, afya na akiba. Mwafrika alionekana katika filamu hizo kama mtu wa kufundishwa. Hadithi zake mwenyewe hazikuwa na nafasi kubwa. Baada ya uhuru, mwaka 1968, Serikali iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania ili picha za wananchi zitengenezwe na wananchi. Televisheni ilianza Zanzibar katika miaka ya 1970, na Tanzania Bara mwaka 1994.

Kanda za video zilipoenea, wananchi walijitengenezea njia yao ya kupokea filamu za kigeni. Katika mabanda ya video alikaa msimulizi aliyeeleza kwa Kiswahili yanayotokea, na baadaye sauti za wasimulizi zikarekodiwa juu ya kanda zenyewe. Aliyevuma kuliko wote alijulikana kwa jina la Lufufu. Msimulizi wa namna hii hakutafsiri tu. Aliwapa wahusika majina, aliongeza methali, alimcheka mjinga na kumlaani mwovu. Kwa hakika alikuwa msimulizi wa shikome aliyehamia mbele ya kioo. Naye, kama aliyekata filamu mwaka 1956, alikuwa na uwezo wa kuongeza na wa kupunguza. Tofauti ni kwamba huyu alikaa na wasikilizaji wake, nao waliweza kumzomea.

Mkoani Simiyu watazamaji wanajua kuzomea. Mashindano ya ngoma baina ya Bagika na Bagalu, makundi mawili ambayo masimulizi huyatoa kwa Ngika na Gumha, huamuliwa na umati wenyewe: kundi linalovuta watu wengi ndilo lililoshinda. Ili kuvuta watu, wachezaji wa Kisukuma wametumia sanamu za mbao na wanyama wa kutisha, na wachezaji wa ngoma ya nyoka hucheza na chatu hai. Kile kinachotisha huletwa katikati ya uwanja, hutazamwa na wote, na hofu hugeuka kuwa mali ya jamii nzima. Mtu aliyekulia katika uwanja huo hashangai kusikia kwamba Mjapani alimvalisha mtu ngozi ya dubwana ili taifa lipate kuitazama hofu yake.

Hitimisho

Tumesema mwanzoni kwamba nasi tumo katika hatari ya kulikata swali. Hatuna budi kueleza maana ya maneno hayo.

Kati ya mwaka 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa kushukiwa uchawi. Sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea Usukuma, na wengi wa waliouawa walikuwa wanawake, wengi wao wazee. Mauaji ya vikongwe hayakukoma mwaka 1984. Wengi walitiwa shaka kwa sababu ya macho mekundu, na macho hayo yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, walikopikia watoto na wajukuu kwa miaka mingi. Waliouawa ni wa rika lile lile lililoihifadhi hadithi ya Shing'weng'we na kuwasimulia watoto.

Basi hadithi inapomleta bibi kizee mwenye hasira, tena mwenye kujaribu uchawi, haisemi jambo dogo. Inamchukua mtu yule yule ambaye jamii iko tayari kumwua, inakubali hata tuhuma yenyewe, kisha inauliza shujaa atafanya nini. Hadithi haikusema kwamba bibi huyo hana hatia. Ilisema kwamba ana jeraha, na kwamba aliyelisababisha ni yule yule tunayemshangilia. Masala Kulangwa, mwenye kisu mkononi na umati mzima nyuma yake, angeweza kumaliza jambo hilo kwa pigo moja, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye akaenda kutafuta dawa. Hayo ni mafundisho ya Wasukuma wenyewe. Hayakuletwa na mmisionari wala na afisa wa wilaya, na kijana yeyote wa Bariadi anaweza kuambiwa kwamba ameyarithi kwa mababu.

Kwa sababu hiyo tunatoa pendekezo moja. Hadithi hii inaposimuliwa shuleni, inapochapishwa vitabuni, inapoigizwa jukwaani, na itakapotengenezwa filamu, jambo tunalolitumaini, isiishie kwenye tumbo lililopasuliwa na kiti cha utemi. Watengenezaji wa filamu wataona ni rahisi kumtengeneza Shing'weng'we, maana ufundi wa kutengeneza madubwana sasa umeenea duniani kote. Kazi ngumu itakuwa kuonyesha sehemu ile nyingine: kijana aliyeokoa dunia, akitembea porini peke yake wakati wenzake wanacheza ngoma ya ushindi, akichimba mizizi kwa ajili ya sikio la bibi anayemtukana. Sehemu hiyo isikatwe.